Mafuta ya Makonyo na Mguu wa Faki

"Hata upupu ni wa shambani." Nimeisema hiyo mlipokuwa mnakisifia kichupa cha mafuta ya mtoto kilichoandikwa "asilia", na sasa mwataka kujua imetoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Pemba, na aliyeambiwa ni mimi.

Enzi hizo nilikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua, naitwa kila asubuhi nimkande mtoto mpaka atimize arobaini. Nilitumia mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, na sifa zikanivimbisha kichwa. Jirani yangu Mize alipomzaa Faki, mwanawe wa kwanza, nikaona ngozi ya mtoto inabanduka. Watoto wachanga wengi hubanduka hivyo, kisha huisha yenyewe. Lakini mimi nilitaka kuonekana fundi.

Mumewe Mize alifanya kazi wanakokamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Ni mafuta makali; sisi wazee twachulia magoti. Nikawaza, yakinifaa mimi, vipi yasimfae mtoto? Siku ya tisa nikayachanganya na ya nazi bila kipimo, nikampaka Faki mguu wa kulia. Akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Bi Mkasi, mbona analia hivi?" Mize aliuliza.

"Mtoto asilie? Ananyooka viungo huyo."

"Na mguu mbona mwekundu?"

"Mwanangu, haya si ya dukani. Haya ya shambani, na cha shambani hakidhuru."

Nilikuwa nimekwisha kuchota mengine ya mgongoni. Mize, binti wa miaka kumi na tisa, hajapata kunibishia hata siku moja. Aliinamisha macho, akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Hata upupu ni wa shambani, bibi. Nao tumpake?"

Nikaurudisha mkono. Nani hapa hajawashwa na upupu akikata majani? Mize akamchukua mwanawe, akamwosha mguu kwa maji mengi, tukaenda kituo cha afya. Nilimfuata nyuma, naogopa nimemharibu mtoto wa watu.

Muuguzi akauliza nani kampaka.

"Tumempaka," Mize alijibu.

Angeweza kusema "amempaka", wala asingekosea. Haya zikanijaa.

"Nimempaka mimi," nikasema.

Muuguzi hakunigombeza. Alieleza kwamba ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, hupitisha upesi kile inachopakwa, na mafuta ya karafuu humchoma hata yakichanganywa. Akasema hata mafuta laini tuulize kwanza, hasa ngozi ikiwa imepasuka. Mguu ulipona baada ya wiki.

Asubuhi iliyofuata safari ya kituoni sikwenda kukanda. Ningeingia kwa uso gani? Jua lilipopanda Mize akaja mwenyewe, kamkumbatia Faki.

"Mikono yako njoo nayo, Bi Mkasi," alisema. "Mafuta yaache."

Nikaenda. Wanawake wa mtaa walilidaka lile neno lake, wakawa wananitania nalo, mpaka likaenea kisiwani na mwenyewe akasahauliwa. Basi hicho kichupa chenu, kabla hakijamgusa mtoto, kampelekeeni muuguzi akisome. Hata upupu ni wa shambani.