Kibarua Aliyekaa Bure

"Mwokoaji haajiriwi maji yakiwa shingoni." Mmeisikia leo kwa fundi wa pampu mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, wajukuu zangu. Ilitoka hospitalini, na mimi nilikuwepo, nikilinda chumba cha mitambo ya oksijeni.

Oksijeni ya wodi zote iligawiwa na kompyuta. Mfumo wake aliubuni binti mmoja, Vumilia, na mimi niliyeishia darasa la nne alinieleza nikaelewa. Ndani kabisa ya kompyuta, alisema, kuna kiini, nacho ni kama nyapara. Kazi ikija, kiini kinaumba kibarua wa kuifanya. Lakini kila kibarua anataka nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Nafasi ikijaa, haumbiki. Na hata kufagia mabaki ya kazi zilizokwisha ili nafasi ipatikane kunataka kibarua. Kwa hiyo Vumilia alipanga mmoja aumbwe mapema, mashine inapowashwa tu, apewe nafasi yake, akae bila kazi mpaka siku nafasi itakapokwisha, ndipo afagie.

Mkurugenzi, Bwana Kisamo, alipita kukagua. Akaona kwenye kioo cha kompyuta kibarua mmoja hajagusa kazi mwezi mzima.

"Huyu ni ndugu yako umemwajiri humo ndani?"

"Ni mwokoaji, bosi."

"Kazi zikizidi si mtaumba mwingine? Mtoe."

Binti alibisha, akakumbushwa kuwa mkataba wake unaisha Juni. Akamtoa. Wakubwa ndivyo walivyo: kila aliyekaa wanamwona mvivu, isipokuwa wao.

Wiki ya pili, saa tano asubuhi, wodi zikiwa zimejaa wagonjwa wa kifua, kioo kiliganda. Mshale wa presha ukaanza kushuka. Mke wangu Mwamvita alikuwa wodini, kitanda cha tatu. Nikamwita Vumilia.

Alitazama mara moja tu. Vibarua wote walisubiri nafasi. Wa kuifagia alisubiri kuumbwa, na hakuumbika bila nafasi. Bwana Kisamo akaingia anahema, akaamuru yule aliyetolewa arudishwe sasa hivi.

Vumilia hakumgeukia. Alikuwa ameshika koki ya kufungulia oksijeni kwa mkono, nayo imeshika kutu.

"Bosi, mwokoaji haajiriwi maji yakiwa shingoni. Mzee Shekiondo, shika hapa tuvute."

Tulivuta mpaka viganja vikachanika. Mshale ulifika kwenye nyekundu, ukapita, ukalala kabisa. Ndipo koki ikakubali. Wa kitanda cha kwanza alipona. Wa cha pili alipona.

Mwamvita hakutusubiri.

Bwana Kisamo alikuja msibani, akakaa mbele na masheikh, akasema ni mipango ya Mungu. Ripoti yake iliandika hitilafu ya mashine. Mashine ilifanya kama ilivyoamriwa. Aliyeamuru alipandishwa cheo. Vumilia mkataba wake haukufika hata Juni.

Basi mkimsikia fundi anaisema tena, msicheke. Mwokoaji haajiriwi maji yakiwa shingoni.