Mshipa wa Zimwi

Sogeeni, wenye masikio. Zimwi lilimmeza mtoto mchanga wa Mishi, mzimamzima. Mishi hakulia, alijirusha kinywani akamfuata. Tumboni alimkumbatia mwanawe, akakamata na kuubana mshipa mnene uliokuwa ukidunda.

“Tumbo, wasage,” likaamuru zimwi. Tumbo likalegea.

“Mapafu, vuteni pumzi.” Mapafu yakahema tu.

“Miguu, nipelekeni kwa mganga.” Miguu ikafa ganzi.

“We mwanamke, umewafunga watumishi wangu wote?”

“Nimemshika mmoja tu, babu. Damu, anayewalisha wote. Ututapike, au tufe sote.”

“Sina nguvu.”

Mishi akalegeza kidole kimoja. Damu ikafika tumboni, zimwi likawatapika.

Tangu hapo, likimwona mama na mtoto, hupisha njia. Ngano imekoma, anayebisha aguse kifua chake, asikie damu ikidunda.