Kapu la Mawe la Mama Makrina

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani, ya kwamba palikuwa na kijiji cha Wakristo ukingoni mwa jangwa la Shamu, watu waliokingoja Kiyama kama mkulima angojavyo mvua. Walisali sana, na kusali si haba. Lakini walikuwa na desturi moja, Mungu awarehemu, iliyowapa usingizi mzuri kuliko walivyostahili.

Kila mwaka Kwaresima ilipokaribia kwisha, kila mtu mzima aliokota jiwe akalitia katika kapu la mtawa mcha Mungu aitwaye Mama Makrina. Jiwe lile lilikuwa dhambi zake za mwaka mzima. Mwenye jiwe hakusema neno, wala hakuulizwa. Siku ya Ijumaa Kuu Mama Makrina alijitwika kapu mgongoni, akapanda nalo mlima pekupeku hadi kanisani, na wenye mawe wakamfuata wakiimba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale nao waliuona mwepesi, maana mgongo haukuwa wao.

Miongoni mwao alikuwamo Barsaumu, mlinzi wa birika. Kijiji kizima kilikunywa maji ya mvua yaliyokusanywa humo, chini ya ardhi, na sheria ilikuwa moja tu: atekaye maji afunike. Jioni moja, watu wote walipokwisha kuondoka, Barsaumu aliteka maji yake mwenyewe, akaenda zake bila kufunika. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na msiba. Ulikuwa uvivu tu. Mbweha mwenye kiu akatumbukia, akafia humo, na kabla hajagunduliwa watoto watano walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Wazee walipomwuliza, Barsaumu alijibu, "Mtu wa mwisho niliyemwona birikani ni Febronia."

Febronia alikuwa mjane, mgeni, hana ndugu wa kumsemea. Aliapa kwa jina la Bwana kwamba alifunika. Hawakumsadiki. Wakamfukuza jangwani yeye na binti yake Tekla, na kiriba kimoja cha maji. Barsaumu aliwatazama mpaka wakapotea machoni, akanyamaza. Mwaka ule jiwe lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Mama Makrina aliyumba alipolibeba, na Barsaumu akala Pasaka kwa hamu.

Hata hivyo usingizi ulimpaa. Mwaka wa pili akatia jiwe jingine kubwa vilevile, kwa dhambi ileile.

Basi Ijumaa Kuu ya mwaka huo, wakiwa katikati ya mlima, adhuhuri ikageuka giza. Vumbi liliinuka kutoka jangwani likafunika mbingu, jua likawa jekundu kama jeraha, na ndege wakaanguka wamekufa miguuni mwao. Watu wakapiga yowe: "Kiyama! Bwana anakuja!" Wakamkimbilia Mama Makrina, wakamshika kanzu, huku wakilia, "Mama, tusemee! Wewe ndiwe uliyezibeba dhambi zetu!"

Mama Makrina akalitua kapu. "Wanangu, mimi nimebeba mawe. Dhambi zenu sijaziona hata moja. Nikisimama mbele ya Bwana nitamwambia nini?" Akalipindua kapu, mawe yakatawanyika njiani. Kisha akainama akaokota moja. "Hili ni langu. Nilijua tangu mwanzo kwamba siwezi kuwabebea. Nikanyamaza, kwa sababu nilipenda kuitwa mtakatifu. Nanyi kila mmoja aokote lake, amjibu Mungu mwenyewe."

Hakuna aliyeinama. Barsaumu aliliona jiwe lake palepale, hatua mbili mbele yake. Aliwaza kwamba punde makaburi yatafunguka, na wale watoto watano watainuka kumtazama. Pembeni yake alisimama mama wa mmoja wao, amemshika mkono kwa hofu kama jirani amshikavyo jirani. Akisema, mkono ule utamwachia. Asiposema, atakwenda mbele ya kiti cha hukumu na uongo mdomoni. Akainama mbele ya jiwe lake. Akaliokota.

"Birika nililiacha wazi mimi," akasema. "Febronia hana kosa. Watoto wenu niliwaua mimi."

Yule mama akauachia mkono wake.

Wakangoja tarumbeta. Badala yake upepo ukatulia, vumbi likashuka polepole, na jua likatokea jeupe, lilelile la kila siku. Watu wakatazamana kwa haya. Mzee wa kijiji akajikohoza, akasema, "Hofu humsemesha mtu mengi. Turudishe mawe kapuni, twende tukasali."

Wengine wakaitikia amina upesi. Na Barsaumu naye angeweza, maana mlango wa kuyakana maneno yake ulikuwa umefunguliwa.

"Nilisema kweli, mzee wangu," akajibu. "Jua limerudi, lakini watoto hawakurudi. Namfuata Febronia."

Hakuna aliyemuaga. Siku ya nne alifika kwenye kituo cha misafara, akamkuta Tekla akinywesha ngamia wa watu. Binti alikuwa amekonda. Barsaumu akamwuliza mama yake yuko wapi, naye akaonyesha kwa kidevu kilima kidogo cha mchanga nyuma ya zizi.

Barsaumu akapiga magoti, akamweleza yote, hakubakiza. Tekla alimsikiliza mpaka mwisho, ndoo mkononi.

"Mwanzoni mama aliapa kila siku kwamba alifunika," akasema. "Baadaye akaanza kuniuliza, 'Mwanangu, au nilisahau? Yawezekana niliwaua kweli?' Akafunga na kulia kwa ajili ya watoto wale mpaka nguvu zikamwishia. Amekufa akiomba msamaha wa dhambi yako."

"Nisamehe, binti yangu."

"Mimi labda nitaweza, siku moja. Lakini yeye alikwenda mbele za Mungu akitetemeka, na hakuna wa kumfuata kumwambia."

Barsaumu hakuondoka tena mahali pale. Aliteka maji ya wasafiri hadi uzeeni, na inasemekana hakuna aliyemwona akicheka.

Ndugu wapendwa, Mungu ni mwingi wa rehema, na hatutii shaka kwamba mjane yule alipokewa vyema. Kila nafsi itajibu kwa lake, na hakuna mtakatifu wa kutujibia. Basi tusingoje mbingu ziwe nyeusi ndipo tuseme kweli. Barsaumu aliogopa Kiyama kisimkute hajatubu. Kwa Febronia kilikuwa kimekwisha kufika, na aliyekileta ni Barsaumu.