Yeyote Atakayebisha Hodi

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu. Na nyinyi mnaoegemea ukuta kule nyuma, ukuta hauna thawabu, njooni. Najua saa hizi masikio mmenipa mimi lakini pua ziko jikoni, maana uji unanukia pilipili manga mpaka hapa mimbarini. Sitawachosha. Nitawapa mfano mmoja tu, na mfano wenyewe ni wa hesabu. Msigune! Anayeogopa hesabu akae karibu na mwenzake.

Palikuwa na binti mmoja hodari wa hesabu kupita kiasi. Mtaani kwao walimwita Kompyuta. Ukimtajia namba mbili azijumlishe, kabla hujafunga mdomo ameshakupa jibu. Baba yake akipata mgeni humwita sebuleni ili mgeni ajionee mwenyewe, na mgeni asipostaajabu vya kutosha, baba anaongeza namba. Basi binti akafaulu, akachaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea hesabu aje kuwa mwalimu. Nusu ya mtaa ilimsindikiza stendi.

Kufika chuoni akakutana na somo la ajabu. Somo la hesabu, lakini hakuna kupiga hesabu. Ni somo la kuthibitisha. Huulizwi saba mara nane ni ngapi. Unaambiwa hivi: jambo hili ni kweli, sisi tunajua ni kweli, sasa wewe kaa chini utuandikie kwa nini haliwezi kuwa vinginevyo. Na usiruke hatua hata moja.

Mtihani ukaja na swali hili: "Thibitisha kwamba ukichukua namba witiri yoyote, ukaijumlisha na namba witiri nyingine yoyote, utapata namba shufwa." Nyinyi mnaoswali witri baada ya isha mnalijua neno hilo. Witiri ni tatu, tano, saba, zile ambazo ukizipanga wawili wawili mmoja anakosa mwenzake. Shufwa ni mbili, nne, sita, kila mtu ana mwenzake.

Binti akacheka moyoni. Hili nalo swali? Akaandika: tatu na tano, nane. Saba na tisa, kumi na sita. Akaenda kwenye mamia, akaenda kwenye maelfu, akajaza ukurasa, akageuza, akajaza na wa nyuma. Akawa wa kwanza kutoka chumba cha mtihani, kifua mbele.

Matokeo yalipobandikwa, amefeli. Ana sapu, yaani arudie mtihani. Na akifeli sapu, anadisko: anafunga begi anarudi nyumbani, chuo basi. Binti akaikumbuka ile stendi. Akamkumbuka baba yake na wageni wake wa sebuleni.

Na pale pale kwenye ubao wa matokeo alikuwepo msichana mmoja wa chumba cha jirani hosteli, mdomo wake huo, Mungu amsamehe. Akasema kwa sauti, "Jamani, Kompyuta imeingia virusi!" Korido nzima ikacheka. Waliocheka ni wengi, lakini binti akamshika moyoni huyo mmoja. Tangu siku ile hata salamu hakumpa.

Akaenda ofisini kwa mwalimu wa somo, mama mtu mzima aliyefundisha chuoni hapo miaka mingi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Dokta, nimekuja kuuliza. Majibu yangu yote ni sahihi. Sijakosea hata moja."

"Kweli. Hata moja."

"Sasa mbona sifuri?"

Yule mama akavua miwani. "Ukienda sokoni, muuza machungwa akakwambia chukua lolote, nani anachagua?"

"Mimi."

"Na ukitangaza mtaani kwenu kwamba mtu yeyote atakayebisha hodi leo atafuturu kwako, nani anachagua?"

Binti akafikiri. "Yule anayebisha."

"Wewe huna ruhusa ya kusema huyu apite, huyu asipite?"

"Nikisema hivyo nitakuwa nimevunja ahadi yangu."

"Haya. Swali langu umelisoma kwa macho ya sokoni. Umechagua namba unazozipenda wewe, na zenyewe zikakupendeza. Mimi sikukuuliza hizo. Nimekuuliza atakayebisha. Atakuja mtu na namba ndefu ajabu, namba ambayo hajawahi kuitaja kiumbe tangu dunia iwepo, na karatasi yako inatakiwa imfungulie mlango."

"Lakini Dokta, namba hazina mwisho. Nitazimaliza vipi?"

"Hutazimaliza," yule mama akasema. "Ndiyo maana tunathibitisha."

Mmesikia hilo? Binti ana karatasi na kalamu, na mbele yake kuna namba zisizo na mwisho, na anaambiwa zote zikija azipokee. Nyinyi mngefanya nini? Yeye alitoka pale akalia.

Ukaingia mwezi mtukufu, na sapu inakaribia. Wasichana wa hosteli walikuwa wanafuturu kila chumba na mkeka wake. Siku moja gesi ya chumba cha jirani ikaisha, wakakaribishwa kwa kina binti. Na bakuli zilikuwa chache, kwa hiyo kila bakuli la uji wakapewa watu wawili. Kila chumba wakajipanga kwanza wenyewe kwa wenyewe, kila mtu na shoga yake. Binti alichelewa maktaba. Alipofika, wa chumba chake wote walishapata wenzao, akabaki yeye. Akatazama upande wa wageni: na wao wamejipanga wawili wawili, amebaki mmoja ambaye hakuna aliyetaka kula naye. Nani? Ndiyo, mwenyewe mmeshamjua. Yule yule wa virusi.

Basi wakasukumiwa bakuli moja, wakakaa. Adhana ikatoka, wakafungua kwa tende, wakaanza kunywa uji bila kutazamana. Kidogo yule msichana akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, ile siku ya matokeo, mimi..."

Lakini binti alikuwa anautazama mkeka. Chumba hiki wako wawili wawili na mmoja kabaki. Chumba kile wako wawili wawili na mmoja kabaki. Walipokutana, aliyebaki huku akampata aliyebaki kule, na hakuna tena aliyebaki. Akajiuliza, je, wangekuwa wengi zaidi? Wangejaa korido? Ingekuwa vilevile. Wangejaa mji mzima, na mji wa pili wakaja wageni? Vilevile! Haijalishi ni wangapi. Kila witiri ina mmoja aliyebaki, na ukizikutanisha mbili, waliobaki wanapatana.

"Ngoja!" akasema. Akaruka juu, akakimbilia kwenye daftari lake.

Akaandika mistari michache tu. Akaweka nukta ya mwisho. Tuliza moyo, ndugu yangu, ufikirie alichokuwa amekishika. Mistari michache kwenye karatasi, na ndani yake zimeingia namba zote witiri, ndogo na kubwa, na zile ambazo ukianza kuzitaja leo utakufa, na mwanao atapokea atakufa, na mjukuu wako atapokea, na namba moja itakuwa haijaisha kutajwa. Kule mbali ambako hakuna jicho lililofika, hata huko mambo ni yale yale, yamepangwa yakapangika, na hakuna namba hata moja iliyosahauliwa. Subhanallah! Nani aliyezipanga? Binti akaweka kalamu chini, akaogopa. Akaogopa kwa furaha. Alikuwa amecheza na namba tangu utotoni kama mtoto anavyochezea simu ya baba, na siku ile ndiyo aliona zilivyo kubwa. Machozi yakamtoka, na usiniulize kwa nini, maana aliyewahi kusujudu akasahau kuinuka anajua.

Sapu ikaja na swali lile lile, akafanya, akafaulu vizuri sana. Hakudisko. Yule mama akamwita ofisini, karatasi yake mkononi, uso umejaa nuru.

"Mwanangu, hii ni safi. Akibisha yeyote, inafungua. Uliipata wapi?"

Binti akamsimulia mkeka, vyumba viwili, na bakuli. Mama akacheka kwa furaha, akapiga meza. Kisha akauliza, "Na huyo mwenzako wa bakuli alisemaje ulipomwonyesha?"

"Sikumwonyesha, Dokta. Niliinuka mbio nikaandike."

"Kumbe. Uji akamaliza na nani?"

Na hapo ndipo, ndugu zangu, baada ya siku zote zile, alipoyasikia yale maneno: "Mwenzangu, ile siku ya matokeo, mimi..." Msichana wa watu alikuwa anaomba msamaha. Mbele ya wenzake wote waliokuwa wamekataa kula naye, alikuwa anaomba msamaha, na binti akamwambia ngoja, akamwacha na bakuli la wawili peke yake.

"Dokta," akasema taratibu, "yule mimi nisingemchagua."

Neno lilipomtoka akalisikia mwenyewe. Yule mama akamrudishia karatasi yake.

Binti alitoka ofisini hakuaga. Akashuka ngazi, akavuka uwanja, akafika hosteli, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha jirani. Akainua mkono. Na mkono ukakataa kugonga, maana hapo alijua kwamba sasa aliyeko nje ni yeye. Siku zote alikuwa ndani akichagua nani wa kumpa salamu. Leo yeye ndiye yeyote. Atafunguliwa, hatafunguliwa, si yeye tena anayechagua.

Akasema, "Hodi."

Naona mnanitazama. Mnataka kujua alifunguliwa? Mfano ni wangu, ningeweza kuwaambia alifunguliwa, mkaenda kufuturu kwa raha. Siwaambii.

Nawauliza nyinyi. Sisi ambao midomo yetu inasema tunampenda kila Muislamu, kila jirani, kila kiumbe wa Mungu, tumethibitisha kwa nani? Si kwa wale wale? Shemeji, rafiki, mwenye duka anayetuchekea vizuri. Tunajaza ukurasa, tunageuza, tunajaza na wa nyuma, majibu yote sahihi, na wote tumewachagua wenyewe. Na yule aliyetutukana mwaka juzi, yuko wapi kwenye karatasi yako?

Na sisi tutasimama mlangoni siku moja, kila mmoja peke yake, hana mwenzake, hana bakuli, mbele ya Yule aliyezipanga hata zile namba ambazo hakuna anayezijua. Siku hiyo utaomba nini? Utamwomba Mola wako achague walio wazuri? Mimi nitamwomba rehema yake iwe kwa yeyote. Nitabisha nikiwa na tumaini hilo tu.

Basi. Mikeka inatandikwa, naona na bakuli zinakuja, na jikoni wameniambia kila moja ni ya watu wawili. Kuna mtu kakaa pembeni yako sasa hivi. Hukumchagua. Mlivyokaa ndivyo mtakavyokula, mtu yeyote asihame.