Mawifi Wawili Waliolinda Moto

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la matofali, na nyumba yake yote iliishi kwa moto wa tanuri hilo. Jina lake Ambakisye. Mke wake, watoto wake, na mama yake mzee aliyelala mgonjwa katika nyumba ya nyasi jirani na tanuri, wote walikula kilichotoka humo. Moto ukiwaka vizuri, walishiba. Ukiharibika, walilala na njaa.

Moto huo ulikuwa na walinzi wawili, Tusajigwe na Atuganile. Walikuwa mawifi. Kazi yao haikuonekana kuwa kazi. Walilichukua kila tofali bichi wakaliweka kivulini mpaka likauke, na mtu akitaka kulipanga tanurini kabla ya wakati walimwambia, "Bado." Tanuri likishawashwa, walilizunguka na udongo mikononi, mmoja akianzia kulia, mwingine kushoto, wakiziba kila ufa mpaka wakutane upande wa nyuma. Kilichompita mmoja, mwenzake alikiona. Walipokutana walitaniana.

"Wifi, hapa umepaka au umepapasa?"

"Nimepapasa, wifi. Nilijua anakuja mwenye macho."

Kisha walipishana, wakaanza tena. Walikuwa kama pete moja iliyovishwa tanuri.

Mwaka ule watu wengi walijenga, na Ambakisye akataka matofali mengi upesi. Kila alipofika kivulini aliambiwa bado. Siku moja alicheka kwa hasira, akasema, "Nyinyi hata jua likiwa utosini, mkiulizwa kama kumekucha mtasema bado!" Akawaza kwamba neno moja halihitaji vinywa viwili. Akamwachisha kazi Atuganile, akambakiza Tusajigwe.

Asubuhi iliyofuata Tusajigwe naye hakuwepo. Hakuna aliyemfukuza. Ndoo yake ya udongo ilikuwa mahali pake, imefunikwa. Ambakisye alistaajabu kidogo, kisha akafurahi, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumzuia. Akayapanga matofali yakiwa yangali na maji ndani, akawasha.

Adhuhuri tofali la kwanza lilipasuka. Mengine yakafuata, kama bisi kikaangoni. Ubavu wa tanuri ukaachia ufa ambao mkono wa mtu ungepita, na ulimi wa moto ukatoka hapo ukaramba nyasi za paa la mama yake. Walimtoa akiwa hai. Jua lilipotua hakuwa hai tena.

Kesho yake walikwenda makaburini, wakakosa pa kuchimba. Ng'ambo ya makaburi aliishi Anyosisye, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumzuia kwa jambo lolote. Alikuwa na tanuri moja dogo. Likawa mawili, yakawa mengi. Yalikula njia ya watu, yakala ukingo wa mto, na sasa udongo wake ulikuwa ukichimbwa katikati ya makaburi. Mifupa ilikuwa imewekwa pembeni kama kuni. Wanawake walipoiona walishika vichwa.

Wanaume wakaliweka jeneza chini. Wakachota maji ya mto, wakayamwagia matanuri yale yaliyokuwa yakiwaka, kwa maana tanuri la moto likimwagiwa maji ya baridi hupasuka. Yakapasuka kweli. Lakini kila ufa uliofunguka ulizibwa papo hapo, kama jeraha linalojifumba lenyewe. Walimwaga mpaka mikono ikafa ganzi. Moto ukawaka vilevile.

Ndipo Ambakisye alipozunguka nyuma, aone ni mkono gani ule. Akawaona mawifi wawili, matope mpaka viwikoni, mmoja akitokea kulia, mwingine kushoto. Anyosisye alikuwa amewakuta njiani hawana pa kwenda, akawapokea. Aliwapa udongo wazibe nyufa. Neno lao la bado hakulitaka.

"Nyinyi!" alisema Ambakisye. "Mama yangu aliwapa uji kwa mkono wake!"

Tusajigwe alilia, lakini mikono yake haikuacha kupaka.

"Sisi tunalinda moto, baba," alijibu Atuganile. "Kuuliza ni moto wa nani, hiyo ilikuwa kazi yako kabla hujanifukuza."

Nyuma ya Ambakisye jeneza la mama yake lilikuwa chini, juani, na koleo za wachimbaji wa Anyosisye hazikusimama.

Waliousomea mwili wanasema kwamba ndani ya chembe hai za miili yetu, pale chembe inapotengenezea nguvu zake, zimo protini mbili zilizoshikana kama pete. Huziita prohibitini, yaani zinazozuia. Hushika protini changa mpaka zikomae, na husaidia kuta za ndani zisiharibike. Ukiiondoa moja, ya pili nayo haikai. Lakini katika saratani nyingi, protini hizo hizo huonekana kwa wingi, zikizilinda chembe zisizojua kukoma, hata dawa inapomiminwa juu yake. Mlinzi ni yule yule, na mikono ni ile ile.

Nawe uliyemfukuza aliyekuambia bado, unajua leo anaziba ufa wa tanuri la nani?