Nani Alitaje Jina la Mtoto wa Tusekile?

Sogeeni karibu. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Hukumu nitawaachia nyinyi.

Palikuwa na watu watatu katika hospitali moja ya nyanda za juu, mahali ambapo mwezi wa Julai nyasi huamka nyeupe kwa barafu. Sista Atuganile, muuguzi, alikuwa na mikono iliyojua joto la mtoto kabla ya kipimajoto. Mzee Kasyupa, mtunza boila, tanuru la kuchemshia maji ya hospitali, alikuwa na masikio. Alisikia maji yakipita ndani ya bomba kama wewe unavyosikia mtu akipita barazani. Na Lugano, binti fundi wa mitambo, alikuwa na macho ya kusoma yale ambayo wengine huyapita tu.

Tena palikuwa na Bibi Tupokigwe. Binti yake Tusekile alijifungua Jumatatu, kabla ya wakati, akaaga dunia Jumanne. Bibi hakumlaumu Mungu. Alimwomba jambo moja: "Bwana, umechukua mmoja. Huyu niachie."

Mtoto alilazwa chumba cha watoto njiti. Darini mlikuwa na kisanduku kipya: bomba la maji ya moto limepita ndani yake, feni inapuliza hewa kwenye bomba, joto linawashukia watoto. Ukutani palikuwa na kidude cha kukiamuru. Mafundi waliokifunga walitoka pwani, wakakipanga kama walivyozoea kupanga kwao.

Alhamisi asubuhi Atuganile alipita akimgusa mtoto mmoja mmoja. Kwa mjukuu wa Bibi mkono ukasimama. "Huyu anapoa," alisema. Kipimajoto kilikataa, baada ya dakika chache kikakubaliana naye. Yeye hakukingoja. Aliwaambia akina mama wawabebe watoto wao vifuani, na huyu asiye na mama akamfunga kifuani pake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi. Alikaa hivyo saa mbili bila kuinuka.

Wakuu wa hospitali wakadhani boila imeharibika, wakaamua izimwe ikaguliwe, kazi ya kutwa nzima. Mzee Kasyupa akaja juu.

"Boila yangu inachemka kama maharage ya arusi!" Alisimama chini ya kisanduku, akafumba macho. "Feni inakimbia kwa nguvu zote. Maji hayapiti. Koki ya humo ndani imefungwa, na aliyeifunga yuko humu chumbani."

"Babu, unasikia hata maji yasiyopita?" Lugano, aliyekuwa amefika na zana zake, alimtania.

"Nasikia hata kiburi chako, mjukuu wangu. Fanya kazi."

Basi boila haikuzimwa. Lugano akafungua kidude cha ukutani, akasoma mpangilio wake mstari kwa mstari, akaona. Kilikuwa kimepangwa kupoza tu. Chumba kikiingia baridi, kilidhani kazi yake imekwisha: kilifunga maji, na feni ikabaki inawapulizia watoto baridi. Chombo kilitii vizuri kabisa. Amri ndiyo iliyokuwa ya nchi ya joto. Akakigeuza kiwe cha kupasha joto, akashusha feni hadi mwendo wa chini, akaiamuru isipulize mpaka bomba lipate moto.

Feni ikanyamaza. Bibi, aliyesimama kando ya Atuganile, aliinua kiganja kuelekea darini, akangoja. Kisha ikashuka pumzi ya uvuguvugu, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Bibi akapiga magoti sakafuni. "Bwana," alisema. Kifuani kwa Atuganile mtoto akalia, kilio chembamba kama uzi, na hakuna aliyethubutu kukinyamazisha.

Sasa sikilizeni desturi. Katika ukoo wa Bibi, mtoto aliyerudishwa kutoka mlango wa kaburi hupewa jina na yule aliyemrudisha. Mtu huyo huwa damu yake. Bibi akifa, yeye ndiye wa kumlea. Naye huwa mmoja tu.

Jumapili mchungaji alikuja na maji ya ubatizo. Bibi akawaita wote watatu.

"Ningengoja kipimajoto," alisema Atuganile, "mngetengeneza chumba cha kitanda kitupu."

"Wangezima boila yangu," alisema Kasyupa, "hata huyu binti angepanga vipi, joto lingetoka wapi?"

"Kifua huchoka," alisema Lugano, "na masikio hayafungui koki. Bila mimi baridi ingekuwapo hata leo."

Bibi aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa amenyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Mama," mchungaji aliuliza kwa upole, "nani atanitajia jina?"

Bibi amefumbua kinywa, na maji yako tayari. Nanyi mliosikia yote, semeni: Bibi amkabidhi nani mtoto?