Nakiete na Vizibo Viwili

Usipochagua mfereji, maji hukuchagulia. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Chediel, huyu ambaye leo anasema atajenga huku na kesho kule, mkacheka. Basi, maneno hayo yalizaliwa hapa hapa kwetu Upare.

Zamani ndiva yetu, lile bwawa la udongo na mawe, ilikuwa na vizibo viwili. Cha kulia kilipeleka maji kwenye mahindi ya wakwe wa mzee Mbonea, na cha kushoto kwenye maharage ya Nakiete, mjane. Mbonea ndiye aliyekuwa mlinzi, na ilikuwa mwiko mkono mwingine kugusa kizibo. Alikuwa mtu mwema, ila uamuzi kwake ulikuwa kama mfupa kooni.

Masika moja mvua ilinyesha mfululizo hadi ndiva ikajaa pomoni. Asubuhi ukuta ukaanza kuvuja, na chini yake kulikuwa na nyumba zenye watoto na wazee wasiojiweza. Ilibidi maji yapunguzwe upesi, lakini wingi ule ungefurika mferejini na kuzoa shamba zima la upande utakaofunguliwa. Mbonea akashika kizibo cha kulia, akawakumbuka wakwe. Akaenda cha kushoto, akayaona maharage yametoa maua, akarudi kulia. Watu wakamtazama tu, maana mwiko ni mwiko.

Nakiete akapita katikati yao.

"Mzee wangu, fungua cha kushoto."

"Utakula nini, mwanangu?"

"Nitapanda tena. Watoto hawapandwi."

"Ngoja kwanza nifikiri."

"Umefikiri vya kutosha. Usipochagua mfereji, maji yatakuchagulia, na yatapita ukutani."

Jiwe moja likachomoka ukutani. Mbonea akang'oa kizibo cha kushoto kwa mikono miwili.

Maji yakatoka kwa kishindo. Nakiete hakugeuza uso. Aliyatazama maharage yake yakizolewa, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Ukuta ulisimama. Mimi nikimfikiria mwanamke yule, hadi leo moyo wangu hujaa.

Jioni wakwe wa Mbonea walikuwa wa kwanza kufika kwa Nakiete na mbegu. Mama mmoja wa bondeni akaja na mwanawe mchanga mgongoni, akamwinamia Nakiete.

Nakiete akampokea mtoto, akampakata. "Huyu akikua," akasema, "mwambieni: usipochagua mfereji, maji hukuchagulia."